Kimya kingi: kisa cha zana ya uchanganuzi tuli iliyoacha kuona

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinahusu zana ndogo ya uchanganuzi tuli wa lugha ya programu ya C, yaani programu inayosoma msimbo chanzo bila kuuendesha na kuonyesha pale inapoona kasoro. Jina la zana, majina ya watu na ya miradi iliyoguswa yameondolewa, na vipande vya msimbo vimeandikwa upya ili mwenyewe asitambulike. Namba za matoleo ya kompaila na ya maktaba ya C nimeziacha kama zilivyo, kwa kuwa bila hizo kisa hakieleweki. Mimi ni mmoja wa watunzaji watatu waliokuwa wakiishughulikia zana hiyo wakati huo, na baadhi ya maamuzi mabaya utakayoyasoma hapa niliyafanya mimi.

Usuli

Zana ilianza kama kazi ya mtu mmoja aliyechoka kuwinda faili zinazofunguliwa na kusahauliwa. Haikukusudiwa kuthibitisha kwamba programu ni sahihi. Kazi yake ni moja: kufuata rasilimali kutoka pale inapopatikana hadi pale inapopaswa kurudishwa, na kupiga kelele ikiona njia yoyote ya utekelezaji inayotoka kwenye funksheni bila kuirudisha. Ndani yake mna jedwali la jozi: `fopen` na `fclose`, `opendir` na `closedir`, `popen` na `pclose`, `malloc` na `free`, na nyingine za aina hiyo. Wanaotumia orodha ya kasoro ya CWE wataitambua kazi hii chini ya namba CWE-775 kwa vishikio vya faili na CWE-401 kwa kumbukumbu.

Namna inavyosoma msimbo ndiyo kiini cha yote yatakayofuata, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Zana haina kichakataji awali chake. Huita kompaila iliyopo kwenye mashine kwa `gcc -E`, hupokea matini ambayo makro zote zimeshapanuliwa na faili zote za vichwa zimeshaingizwa, kisha huyasoma matini hayo kwa kisomaji chake chenyewe cha sarufi. Faida yake ni kubwa: tunaona kilekile ambacho kompaila inakiona kwenye mashine ileile, kwa bendera zilezile. Gharama yake ni kwamba programu ya mistari arobaini iliyoingiza `stdio.h` na `stdlib.h` inatufikia ikiwa na mamia ya mistari, na sehemu kubwa ya mistari hiyo imeandikwa na watunzaji wa maktaba ya mfumo, si na mtumiaji wetu.

Nao hawaandiki C ya vitabuni. Lugha ina viwango vyake, cha 1989, cha 1999, cha 2011, na kile kiitwacho C23 kilichochapishwa 2024. Lakini faili za vichwa za glibc, maktaba ya C ya mifumo mingi ya Linux, zimejaa lahaja ya kompaila ya GCC: `__attribute__`, `__extension__`, `__restrict`, `__asm__`. Kila toleo jipya la GCC linaweza kuleta maneno ambayo jana hayakuwepo, na glibc huyatumia mara tu kompaila inapoyafahamu. Anayetunza kisomaji cha C amejitwika kazi ya kufuata msafara ambao hausimami kumsubiri.

Kuna jambo moja zaidi la usuli. C ya 1989 iliruhusu kuita funksheni ambayo haijatamkwa, yaani jina lake na aina zake hazijatangazwa mapema, nayo ilichukuliwa kuwa inarudisha `int`. Kiwango cha 1999 kiliondoa ruhusa hiyo, lakini GCC iliendelea kutoa onyo tu kwa miaka mingi, hadi GCC 14 ya mwaka 2024 ilipolifanya kuwa kosa. Zana yetu ilikuwa na watumiaji wenye msimbo wa zamani sana, hivyo ilikubali funksheni zisizotamkwa kimyakimya. Tulikuwa na onyo la jambo hilo, ila lilizimwa katika mipangilio ya kawaida.

Uamuzi wa zamani uliolala

Chanzo cha kisa kiko miaka kadhaa kabla ya tukio lenyewe. Katika glibc 2.26 na 2.27, za mwaka 2017 na 2018, faili za vichwa zilianza kutamka funksheni zinazotumia aina kama `_Float128`. Ukiwa na GCC 7 au ya baadaye, jina hilo ni neno la msingi la kompaila, si jina lililofafanuliwa mahali popote kwenye matini. Kisomaji chetu hakikulijua. Kila aliyechanganua programu yenye `_GNU_SOURCE`, swichi inayofungua nyongeza za GNU kwenye faili za vichwa, alipata makosa ya sarufi kutoka kwenye faili ambazo hakuziandika na hawezi kuzirekebisha.

Tulipokea malalamiko mengi, yote halali. Tulifanya mambo mawili. La kwanza, tuliongeza aina hizo kwenye kisomaji. La pili, tuliamua kwamba kuanzia hapo makosa ya sarufi yanayotoka kwenye saraka za mfumo yasionyeshwe kabisa. Kisomaji kikikwama, kiruke hadi nukta-mkato inayofuata na kuendelea. Hoja ilikuwa nzuri na bado naielewa: tayari tulikuwa hatuonyeshi maonyo kuhusu msimbo wa `/usr/include`, kwa sababu mtumiaji hana la kufanya nayo. Ilionekana ni kanuni ileile, imepanuliwa kidogo.

Haikuwa kanuni ileile. Onyo ni hukumu ya zana juu ya msimbo wa mtu. Kosa la sarufi ni zana kukiri kwamba yenyewe haikuelewa. Tulizifunga hukumu na ungamo kwenye swichi moja, na tukaizima.

Matukio kwa mfuatano

Tulikuwa tukitayarisha toleo jipya lenye badiliko moja kubwa: namna ya kuunganisha njia za utekelezaji zinazofanana, ili kupunguza kengele za uongo. Wakati huohuo mashine zetu za majaribio zilikuwa zimezeeka, tukaona tuzihamishe zote kwenye mfumo mpya wenye GCC 11 na glibc 2.35. Watumiaji wetu wengi walikuwa wakihamia huko pia. Kazi zote mbili ziliingia ndani ya wiki moja.

Majaribio yetu yote yalipita. Toleo likatoka.

Ripoti za watumiaji zilipungua sana. Tulitegemea zipungue, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Watu waliandika kushukuru. Mimi mwenyewe niliandika katika maelezo ya toleo kwamba uunganishaji mpya wa njia umeondoa sehemu kubwa ya kengele za uongo kwenye ukaguzi wa faili. Niliandika hivyo baada ya kutazama hesabu ya maonyo peke yake. Sikufungua hata onyo moja kati ya yaliyotoweka ili nijue kama kweli lilikuwa la uongo.

Kisha yakafuata madhara ambayo hatukuyafikiria. Zana ina uwezo wa kutambua maoni ya kunyamazisha yaliyopitwa na wakati. Mtumiaji akiandika juu ya mstari kwamba onyo hili lipuuzwe kwa sababu fulani, na onyo lenyewe halitokei tena, zana humwambia afute maoni hayo. Maonyo yalikuwa yametoweka, basi zana ikawaambia watu wafute. Wengi wakafuta, pamoja na maelezo waliyokuwa wameyaandika kwa uangalifu: faili hii hufungwa na funksheni iliyosajiliwa kwa `atexit` ili iitwe programu inapomalizika, hii hukabidhiwa mzunguko mkuu, na kadhalika.

Miezi kadhaa baadaye mtumiaji mmoja alituandikia kwa upole kabisa. Programu yake ya seva ilikuwa ikisimama baada ya siku chache kwa kosa la `EMFILE`, yaani mchakato umefikisha kikomo cha vishikio vya faili, ambacho kwenye Linux nyingi kwa kawaida huanza na 1024. Aliisaka hitilafu mwenyewe akaipata. Ilikuwa na umbo hili:

```
int soma_mipangilio(const char *njia, struct mipangilio *m)
{
    FILE *f = fopen(njia, "r");
    if (f == NULL)
        return -1;
    if (soma_utangulizi(f, m) < 0)
        return -1; /* hapa f imeachwa wazi */
    soma_mistari(f, m);
    fclose(f);
    return 0;
}
```

Swali lake lilikuwa moja: hili si ndilo hasa ambalo zana yenu ipo kulikamata?

Ndilo. Ni mfano wa kwanza kabisa katika mwongozo wetu.

Kutafuta chanzo

Nilinakili funksheni hiyo kwenye faili dogo, nikaandika juu yake tamko la `fopen` kwa mkono kama tunavyofanya kwenye majaribio yetu yote, nikaendesha zana. Onyo likatokea bila shida. Nikamjibu kwamba kwangu inafanya kazi, nikamwomba mipangilio yake. Jibu hilo lilitugharimu siku mbili, na ninalijutia, kwa sababu nilibadilisha ushahidi kabla ya kuuchunguza. Faili niliyojaribu haikuwa faili yake.

Mtuhumiwa wetu wa kwanza alikuwa uunganishaji mpya wa njia. Ulikuwa mpya, ulikuwa mgumu, na kazi yake ilikuwa kupunguza maonyo. Mwenzangu alipitia kila tawi la algoriti hiyo. Wa tatu wetu akatumia `git bisect` kutafuta badiliko lililoharibu mambo, safari hii kwa kutumia faili halisi ya mtumiaji. Ndipo tulipopata dalili ya kwanza ya maana. Hapakuwa na badiliko zuri la kuanzia. Alirudi nyuma mwaka mmoja, kisha miwili, na zana ya miaka miwili iliyopita nayo ilinyamaza mbele ya faili ileile.

Tukaweka majaribio manne: zana ya zamani na zana mpya, kila moja kwenye mashine ya zamani na kwenye mashine mpya. Kwenye mashine ya zamani zote mbili zilionya. Kwenye mashine mpya zote mbili zilinyamaza. Toleo letu halikuwa na hatia. Sifa nilizolipatia kwenye maelezo ya toleo halikuzistahili pia, angalau si kwa kiasi kile.

Dalili ya pili ilikuwa mbele yetu muda wote. Maonyo ya `malloc` hayakutoweka. Yaliyotoweka yalikuwa ya `fopen`, `opendir` na `popen`. Algoriti iliyoharibika isingechagua namna hiyo, kwa kuwa jozi zote hupita kwenye msimbo uleule.

Tuliomba matokeo ya `gcc -E` kutoka mashine zote mbili na kuyalinganisha kwa `diff`. Kwenye mashine ya zamani tamko lilikuwa hivi:

```
extern FILE *fopen (const char *__restrict __filename,
      const char *__restrict __modes) ;
```

Kwenye mashine mpya:

```
extern FILE *fopen (const char *__restrict __filename,
      const char *__restrict __modes)
  __attribute__ ((__malloc__))
  __attribute__ ((__malloc__ (fclose, 1))) ;
```

Sifa (`__attribute__`, yaani maelezo ya ziada juu ya tamko) ya `malloc` katika GCC ni ya siku nyingi, na miaka yote haikuwa na hoja yoyote, yaani thamani ndani ya mabano. GCC 11, iliyotoka 2021, iliongeza umbo jipya linalotaja jina la funksheni ya kurudisha rasilimali na nafasi ya hoja yake. Katika mwaka huohuo glibc 2.34 ikaanza kulitumia kwenye faili zake za vichwa. Kisomaji chetu kilikuwa na jedwali la sifa na idadi ya hoja zinazoruhusiwa kwa kila moja. Kwa `malloc` jedwali lilisema sifuri. Kilipoona mabano, kilitangaza kosa la sarufi, kosa likamezwa na uamuzi wa 2018 kwa kuwa limetoka kwenye saraka ya mfumo, na kisomaji kikaruka hadi nukta-mkato. Tamko lote la `fopen` likapotea. Tamko la `malloc` lenyewe halina umbo hilo jipya kwenye `stdlib.h`, ndiyo maana lilinusurika.

Baada ya hapo kila kitu kilifanya kazi kama kilivyoandikwa. Jedwali letu la jozi huunganishwa na funksheni pale tamko lake linaposomwa, ili aina zilinganishwe na tusimchanganye mtu aliyeandika `popen` yake yenye maana nyingine. Hakuna tamko, hakuna muungano. Mstari wa `fopen(njia, "r")` ukaonekana kuwa mwito wa funksheni isiyojulikana inayorudisha `int`, onyo la funksheni isiyotamkwa limezimwa, na kubadili `int` kuwa kielekezi (anwani ya kumbukumbu) hakukaguliwi katika mipangilio ya kawaida. Milango mitatu ya kengele, yote mitatu tumeifunga wenyewe, kila mmoja kwa wakati wake na kwa sababu yake nzuri.

Kilichoniuma zaidi ni maana ya sifa yenyewe. `__malloc__ (fclose, 1)` inasema: kielekezi kinachorudishwa hapa lazima kikabidhiwe `fclose` kama hoja ya kwanza. Ni taarifa ileile tuliyokuwa tukiiandika kwa mkono kwenye jedwali letu kwa miaka. Watunzaji wa glibc walikuja kutupa bure kile tulichokihitaji, nasi tukalitupa tamko lote kwa sababu lilikuja limebeba zawadi.

Maamuzi na sababu zake

Marekebisho ya haraka yalikuwa mepesi. Kisomaji kikikutana na sifa kisiyoielewa, kisome mabano hadi yafungwe sawasawa, kiiweke kando, na kilihifadhi tamko. Sifa karibu zote huongeza taarifa juu ya tamko, kwa hiyo kulihifadhi bila sifa ni hasara ndogo kuliko kulipoteza. Hili liliingia siku hiyohiyo.

Mjadala mkubwa ulikuwa juu ya kuachana na kisomaji chetu na kujenga zana upya juu ya Clang, kompaila nyingine ya C, ambayo ina watu wengi wanaofuata lahaja ya GCC kila siku. Mwenzangu aliitetea hoja hiyo kwa nguvu na nadhani alikuwa na haki kwa sehemu kubwa. Tuliikataa kwa sababu mbili. Baadhi ya watumiaji wetu huchanganua msimbo ulioandikwa kwa kompaila za vifaa vidogo zenye lahaja ambazo Clang haizikubali, na kwao kisomaji kinachosamehe ndiyo sababu ya kuwa nasi. Tena, kuhamisha ukaguzi wote kungechukua muda ambao watumiaji wangeendelea kukaa gizani. Sijui kama uamuzi huo utadumu. Ulikuwa sahihi kwa wakati ule.

Uamuzi nilioupigania mimi ulikuwa wa kutenganisha hukumu na ungamo. Maonyo kuhusu msimbo wa mfumo yabaki yamezimwa. Lakini kila tamko au funksheni ambayo kisomaji kimeiruka ihesabiwe, popote ilipo, na hesabu hiyo itolewe mwishoni mwa kila ripoti hata kama ni sifuri. Tukaongeza kanuni ya pili: funksheni iliyo kwenye jedwali la jozi ikiitwa bila tamko lake kuonekana, zana iseme hivyo waziwazi kwenye mstari wa mwito. Kanuni hiyo peke yake ingetuokoa.

Hapo nikazidisha. Nilipendekeza kwamba zana ikiruka tamko lolote imalize kwa msimbo wa kufeli, katika mipangilio ya kawaida. Wenzangu walikubali, labda kwa sababu sote tulikuwa bado tumeshtuka.

Matokeo

Tulitoa toleo la marekebisho na tangazo lililosema bila kuzunguka: kwenye mashine zenye GCC 11 na kuendelea pamoja na glibc 2.34 na kuendelea, zana haikuwa ikiona faili, saraka wala mabomba ya `popen` yasiyofungwa. Ripoti safi kuhusu hayo katika kipindi hicho zisitegemewe. Na sentensi yangu kwenye maelezo ya toleo lililotangulia haikuwa kweli. Kuandika tangazo hilo kulichukua muda mrefu kuliko kuandika kiraka.

Maonyo yalirudi yote kwa mkupuo. Kwa miradi mikubwa ilikuwa siku ngumu, maana maonyo ya zamani yalichanganyika na kasoro mpya zilizoingia wakati zana haioni, na maoni ya kunyamazisha hayapo tena. Tuliandika programu ndogo inayopitia historia ya git ya mradi, inayoyatafuta maoni yaliyofutwa na kupendekeza yarudishwe pale ambapo mstari unaofuata haujabadilika. Ilisaidia kwa msimbo uliotulia. Kwa msimbo uliokuwa umesogezwa, watu walirudia kazi ya kufikiri upya kwa nini onyo fulani lilikuwa la uongo, na angalau mradi mmoja uligundua kwamba moja kati ya yale ya zamani halikuwa la uongo hata kidogo.

Uamuzi wangu wa kufelisha ripoti haukudumu. Watumiaji wa vifaa vidogo, walewale tuliobaki na kisomaji chetu kwa ajili yao, walikuta kila faili ikifeli kwa sababu ya faili za vichwa za mtengenezaji wa chipu. Walianza kurudi kwenye toleo la zamani, lile lisiloona. Tuliurudisha nyuma: hesabu ya yaliyorukwa huonyeshwa daima, na kufeli ni bendera ambayo mtu huiwasha akiwa tayari.

Baadaye, polepole, tukaifundisha zana kuisoma sifa ile. Sasa jozi za glibc hazitegemei jedwali letu pekee, na mtu mwenye maktaba yake anaweza kuandika `__attribute__ ((__malloc__ (funga_kikao, 1)))` kwenye tamko lake, akapata ukaguzi wetu pamoja na ule wa GCC yenyewe, ambayo tangu toleo la 11 ina onyo la `-Wmismatched-dealloc`.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Majaribio manne yalikuwa ya thamani kuliko siku mbili za kusoma algoriti. Zana ya uchanganuzi wa C inayoazima kichakataji awali cha mashine haina toleo moja. Ina toleo lake likiwa na kompaila fulani na maktaba fulani. Ripoti yoyote ya hitilafu isiyotaja vyote vitatu haijakamilika, na sasa zana huviandika juu ya kila ripoti.

Kuomba matokeo ya `gcc -E` kutoka kwa mtumiaji kulitusaidia pia. Faili hiyo hubeba mazingira yote ndani yake. Ingekuwa ndiyo ombi letu la kwanza, tungemaliza kazi asubuhi moja.

Uchambuzi: kilichoshindwa

Majaribio yetu yalikuwa mamia, na hata moja halikuingiza faili ya vichwa ya kweli. Kila moja lilitamka kwa mkono funksheni linazozihitaji. Tulifanya hivyo makusudi, ili majaribio yawe mepesi na yatoe jibu lilelile kwenye mashine yoyote. Tulifaulu mno: yalitoa jibu lilelile hata kwenye mashine ambayo zana haioni. Tuliyokuwa tukiyapima ni mantiki ya ukaguzi, ilhali watumiaji walitegemea mnyororo mzima kuanzia kompaila yao.

Sasa tuna kundi la programu fupi tunazoziita vyambo. Kila moja ina kasoro moja ya wazi kutoka kwenye jedwali la jozi, huingiza faili za vichwa za mfumo kama mtumiaji yeyote, na lazima onyo litokee. Huendeshwa kwenye kila mfumo tunaodai kuuhudumia, kila siku, hata kama msimbo wetu haujaguswa. Hilo la mwisho ni muhimu, kwa sababu msimbo wetu haukuguswa safari ile pia. Kilichobadilika kilikuwa chini yake.

Kosa la kuunganisha mabadiliko mawili katika wiki moja ni la kawaida na sina mengi ya kuliongeza. Liliyapa maonyo yaliyopotea maelezo yanayoridhisha, na binadamu akishapata maelezo yanayoridhisha huacha kutafuta.

Kipimo chetu ndicho kilichoniwazisha zaidi. Tulihesabu maonyo, na kwa zana ya namna hii hesabu ya maonyo ikishuka ina maana mbili zinazopingana kabisa: msimbo umekuwa bora, au zana imepungukiwa na uwezo. Kwa nje hazitofautiani. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na sisi tulikuwa na kimya cha miezi mizima tukakipokea kama sifa. Tangu hapo, toleo likipunguza maonyo kwenye miradi yetu ya kupimia, mmoja wetu hufungua sampuli ya yaliyotoweka na kuyasoma moja moja, na kwa kila moja anaandika kwa nini halipaswi kuwepo. Ni kazi ya kuchosha, na hakuna toleo linalotoka bila hiyo.

Kuhusu ujumbe wa kufuta maoni yaliyopitwa na wakati, tuliubadilisha. Zana haiutoi tena iwapo kwenye faili hiyo kuna tamko lolote lililorukwa, na hata pasipo hilo husubiri matoleo mawili. Maelezo ya mtu juu ya kwa nini msimbo wake ni salama ni kazi ya akili yake, na zana iliyokuwa haioni ndiyo iliyomshauri aitupe.

Hali ya sasa

Mwaka 2025 GCC 15 ilitoka ikiwa na lahaja ya C23 kama chaguo la kawaida. Katika C23 `bool` ni neno la msingi, na `stdbool.h` ya GCC haiibadilishi tena kuwa `_Bool`. Kisomaji chetu kilikuwa kikilijua `_Bool` tu. Mara tulipoiweka kompaila hiyo kwenye mashine za majaribio, vyambo vyenye funksheni inayorudisha `bool` vilifeli, na mstari wa mwisho wa ripoti, ambao kwa muda mrefu ulikuwa ukisoma sifuri, ukaonyesha matamko yaliyorukwa pamoja na majina ya faili yalikotoka. Tuliongeza `bool`, `true`, `false` na `nullptr` kabla ya jioni, na hakuna mtumiaji aliyekuwa ametuandikia bado.